Amejenga mabaraza ya mbao 61. La mkewe limemchukua miaka 19

Saa moja na robo asubuhi, jua halijavuka ukuta wa jirani, na Fundi Subiri amekaa juu ya kigoda katikati ya uwanja wa nyuma wa nyumba yake, mikono mitupu. Hana msumeno, hana tepu, hana hata penseli sikioni. Ana kikombe cha chai na rundo la vijiti vilivyochongwa ncha. Kila baada ya saa moja huinuka, huchomeka kijiti pale kivuli cha nyumba kinapoishia, kisha hurudi kukaa.

Mtu asiyemjua angedhani mzee kafukuzwa ndani. Mkewe, mshonaji wa nguo, anamtazama kupitia dirisha la jikoni huku akifuta vikombe.

"Muulize anafanya nini hapo," anamwambia mgeni aliyekuja na daftari. "Mimi niliacha kuuliza tangu ujana."

"Nalifuata jua," fundi anajibu bila kugeuka. "Baraza halijengwi pale panapopendeza macho. Linajengwa pale mtu atakapokaa saa nne asubuhi, akae saa nane mchana, na asihamehame na kiti chake kama anayedaiwa."

Baraza analolisema ni sakafu ya mbao iliyoinuliwa kutoka ardhini nyuma ya nyumba, mahali pa kukaa, kula, kuanika au kupumzika bila kukanyaga udongo. Ndiyo kazi yake. Ana umri wa miaka sitini na miwili, mgongo ulionyooka kuliko wa vijana wengi, na kidole gumba cha kushoto kilichowahi kuonja nyundo mara nyingi kiasi kwamba kucha yake imekata tamaa ya kunyooka.

Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho. Hili la Subiri alipewa na wateja wenye haraka. Wanakuja na picha kwenye simu, wameshachagua mpaka rangi, na wanataka kazi ianze Jumatatu. Yeye huwaambia wasubiri. Kwanza atakaa uani kwao siku nzima na vijiti vyake, halafu atachagua mbao, halafu mbao zitalala siku arobaini kabla hajazitia msumeno.

"Mmoja alinikatia simu," anasema, akicheka. "Kazi akampa mtu mwingine. Mwaka uliofuata akanipigia mwenyewe, sauti ya chini kabisa. Sikumuuliza yaliyompata. Ningemuuliza ili iweje?"

Katika miaka kumi na tisa amejenga mabaraza sitini na moja, na anayajua yote moja moja kama mwalimu anavyojua darasa lake. Kila mvua zikikatika huyazungukia kwa nauli yake mwenyewe, akikaza skrubu iliyolegea na kupapasa boriti kwa chini kutafuta mchwa. Hakuna hata moja lililoinuka, kupinda wala kuoza kabla ya wakati. Akiulizwa kama anaringa, hajifanyi mnyenyekevu.

"Naringa, ndiyo. Hii si bahati. Nimeitolea jasho."

Lakini vijiti vya leo si vya mteja wa kawaida. Baraza la sitini na mbili ni la hapahapa nyumbani, na mteja ni yule aliye dirishani.

"Wote sitini na mmoja," anasema kwa sauti ya chini, "hakuna aliyenitia homa kama huyu."

Kuelewa homa hiyo inabidi kurudi nyuma, kwa sababu kwa miaka kumi na tisa uwanja huu haujawekwa hata ubao mmoja, na aliyekataza ni mwenye nyumba mwenyewe, yaani mkewe.

Fundi hakuanza na mabaraza. Alianza na milango. Alifundishwa kwenye karakana ambako mlango ulipimwa kwa wembe: ukiupitisha wembe kati ya ubao na ubao, ukapita, unaurudia. Alikuwa hodari. Milango yake ilifungwa kwa mlio mmoja mdogo, na mafundi wenzake walikuja kuisikiliza.

Siku moja akaona baraza la mbao nyumbani kwa tajiri fulani, akalitamani. Akakata shauri la kumjengea mkewe la kwake. Akanunua mbao zilizokaushwa kwenye tanuri, kavu kabisa, zile anazozitaka fundi wa milango. Akazipanga bega kwa bega bila nafasi yoyote. Wembe haukupita. Majirani waliingia kutazama, naye akasimama pembeni mikono nyuma, kichwa kimevimba.

"Nilijenga mlango, nikaulaza chini," anasema leo. "Ndilo kosa langu. Mlango uko ndani ya nyumba. Baraza liko nje, linanyeshewa. Mbao kavu zikinywa maji zinanenepa, na mimi sikuziachia pa kunenepea."

Wiki ya tatu ya mvua, mbao za katikati zilisukumana mpaka zikainuka kama tuta. Usiku mmoja tu. Asubuhi mkewe alitoka na beseni la nguo mbichi mikononi, haoni miguu yake, akajikwaa. Aliangukia mkono wa kulia. Kifundo kilivunjika sehemu mbili.

Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa ajali. Kwa mshonaji, mkono wa kulia ndio jiko, ndio karo, ndio kodi. Alikaa miezi saba bila kushona. Wateja wake wakubwa walihama, na wengine hawakurudi.

Jioni ya siku ile mkewe alipoanguka, fundi alichukua mtaimbo akabomoa baraza lote, kipande kwa kipande, mpaka mikono ikamtoka malengelenge. Mkewe alikaa mlangoni na mkono umefungwa plasta, akimtazama. Alipomaliza, mkewe alimwambia neno moja tu.

"Uwanja huu usiletwe mbao tena."

"Sikubishana," fundi anasema. "Ningebishana na nini? Nilimeza."

Kilichomkera zaidi ni kutojua. Kwa nini mbao kavu, safi, zilizopangwa vizuri, zimemgeuka? Akaanza kuuliza. Aliwauliza wajenzi wa madaraja, wachonga mapipa, hata wanaotengeneza meza za sokoni zinazolala mvuani. Alijaribu kwa vipande vidogo, akivilowesha na kuvipima. Baada ya mwaka mmoja na nusu, mtu akamwomba amjengee baraza. Alikaa uani kwa mtu huyo kutwa nzima, kwa woga tu, hakujua aanzie wapi. Siku hiyo ikawa desturi yake.

Mkewe hakuwahi kwenda kuona hata moja. Kazi za mumewe alizisikia kwa watu. Katika mwaka mzuri fundi hupata mabaraza matano, katika mwaka mbaya mawili, na miezi ya mvua hana kazi kabisa. Miezi hiyo nyumba huendeshwa na cherehani ya kukanyaga iliyo chumba cha mbele, na mtu anayeikanyaga hana desturi ya kulisema hilo mbele za wageni. Fundi ndiye anayelisema.

"Andika hivyo. Watoto wetu wawili wamesomeshwa na cherehani. Mimi nilichangia."

Mwaka huu cherehani hiyo imepata mashaka. Mshonaji ana miaka hamsini na saba, na macho yameanza kumlegea. Uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi hauoni tena. Dirisha la chumba chake linatazama ukuta wa jirani, na taa ya umeme inamletea maumivu ya kichwa. Daktari wa macho alimpa miwani na akamwambia wazi: ashone kwenye mwanga mwingi wa mchana, la sivyo ajiandae kuacha kazi.

Alijaribu kutoa cherehani uani. Miguu yake ya chuma ilizama kwenye udongo, ikawa inayumba kila akikanyaga, na vumbi likaingia kwenye nguo ya harusi ya mtu. Akaita fundi mwashi amwage zege. Mwashi alichungulia akakataa: bomba la maji machafu linapita katikati ya uwanja, na hufunguliwa mara mbili kwa mwaka. Ukilifukia kwa zege umejifungia choo mwenyewe.

Basi asubuhi moja, chai ikiwa mezani, alimsogezea mumewe bakuli la sukari akasema kama anayeagiza chumvi dukani, "Baba watoto, nijengee lile baraza."

Fundi anasema kijiko kilimwanguka. Mkewe anasema hakikuanguka, alikiweka tu vibaya.

Fundi hakumrukia shingoni kwa furaha. Alikwenda karakana akakaa peke yake mpaka mchana. "Nilifurahi, nikaogopa, nikafurahi tena," anasema. "Wewe fikiria. Nikikosea kwa mteja, namrudishia fedha. Nikikosea kwa huyu, nitamrudishia nini? Mkono? Macho?"

Mkewe alikuwa na masharti. Cherehani isicheze, hata akishona turubai. Na asipoteze sindano. Hili la pili fundi alilichukulia kama utani, akaja kujua baadaye kwamba ndilo lenye kazi.

Kwenye duka la mbao walikwenda wote wawili. Muuza mbao, mtu mnene mwenye ulimi mtamu, amemzoea Fundi Subiri na anamwogopa kidogo, maana huwa anapindua lundo zima la mbao kutafuta thelathini. Safari hii alipomwona amekuja na mkewe alipata matumaini, akawapeleka moja kwa moja kwenye mbao za msonobari zilizopakwa mafuta, zinazong'aa.

"Mama, hizi ndizo wanazozipenda akina mama."

Mshonaji alivua miwani, akashika ubao mmoja, akaupindua. Akapitisha kidole cha shahada kwa nyuma, akafuata mistari ya ubao kama anayefuata nyuzi za kitambaa, kisha akauinua usawa wa jicho na kuuchungulia kwa urefu.

"Huu umekatwa mshazari," alisema. "Nguo ikikatwa hivi, inavutika upande mmoja. Huu nao utapinda."

Muuza mbao alimtazama fundi. Fundi alitazama juu ya paa.

"Na mbona umeupaka mafuta mbele tu?" mama akaendelea. "Kitambaa kinachong'aa mbele na kuchakaa nyuma, mimi najua kinaficha nini."

Walitoka na mbao za mvule, themanini na nne, zisizopakwa chochote, nzito kiasi kwamba watu wawili walibeba nne kwa mara moja. Msonobari ni rahisi na mwepesi kukata, fundi anaeleza, na kwa baraza la kukaa tu unatosha, ukitiwa dawa. Lakini miguu ya cherehani ni minne, myembamba, na uzito wote unasimama juu ya sehemu ndogo. Msonobari ungebonyea, ungefanya mashimo, na mwaka haujaisha cherehani ingekuwa inacheza. Mvule haubonyei kirahisi, mchwa wanaupita mbali, na ukilowa haunenepi sana.

Mbao zilipofika nyumbani fundi alifanya analofanya kwa kila mteja. Alizimwagia maji, zote, mbele na nyuma, kisha akazipanga kivulini na vijiti katikati ili upepo upite. Baada ya siku kumi akazimwagia tena. Siku arobaini. Kila wiki alipima upana wa kila ubao na kuuandikia kwa chaki. Zilizopinda, zilizojikunja, zilizopasuka vichwani, alizitoa. Zilibaki sabini na moja.

Kazi hii anaiita kuzifua mbao. Ndiyo siri inayomtofautisha na mafundi wengine, na wengi wameiiga baada ya kuiona kwake. Alipoulizwa aliipata wapi, alikuna kidevu, akatazama mlango wa jikoni, akakohoa.

"Hilo sijawahi kulisema," alianza. "Watu wananisifia mimi. Na mimi nimekuwa nikizipokea tu hizo sifa."

Mwaka ule wa mkono kuvunjika, anasema, alikuwa amekaa chumba cha mbele akimsaidia mkewe, aliyekuwa akijiandaa kurudi kazini, kufungua marobota ya vitambaa, kwa vile mkono wake wa kulia ulikuwa bado haujapata nguvu. Mshonaji alimwagiza atie vitambaa vyote kwenye maji kabla havijakatwa. Fundi akashangaa: kitambaa kipya, safi, kinafuliwa cha nini? Mkewe akamwambia kwamba kitambaa kipya hakijatulia. Kitasinyaa, kitavutika, kitafanya vituko vyake. Ni heri kifanye vituko hivyo ndani ya beseni kuliko mwilini mwa mteja.

"Nilisimama pale na kitambaa mkononi, maji yananichuruzika miguuni," fundi anasema. "Nikajiona mjinga. Jibu nililokuwa nalitafuta kwa wajenzi wa madaraja lilikuwa chumbani kwangu. Mbao nazo zifanye vituko vyake kabla hazijapigiliwa. Sikumwambia. Niliona haya. Nimeijengea maisha elimu yake, na yeye mwenyewe hajui."

Mkewe, aliyekuwa mlangoni na sahani mkononi, alisikia yote.

"Najua," alisema. "Ukianza kumwaga maji kwenye mbao na kuita kufua, unadhani nitafikiri umejifunza kwa nani?"

Fundi alikunywa chai yake. Mgeni naye aliinamia daftari.

Nguzo kumi na mbili zilichimbiwa na kuwekewa zege kwenye mashimo yake, zikikwepa bomba. Juu yake zikalala boriti, karibu zaidi kuliko kawaida. Kwa mteja wa kukaa na kunywa chai, fundi huacha sentimita arobaini kati ya boriti na boriti. Upande wa cherehani aliacha ishirini na tano. Akapanda juu ya boriti hizo tupu akarukaruka, mzee wa miaka sitini na miwili, mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza kama kuna amani.

Ndipo walipofika kwenye sindano.

Mbao za nje lazima ziachiane nafasi. Fundi huacha unene wa msumari mkubwa, milimita tano, maji yapite na ubao upate pa kunenepea. Nafasi hiyo ndiyo iliyokosekana miaka kumi na tisa iliyopita. Lakini mshonaji akikaa juu ya sakafu yenye nafasi, kila kinachomponyoka mkononi kinatumbukia chini: sindano, pini, vifungo, vibanio. Na kwa siku, anasema, humponyoka vingi kuliko zamani, kwa sababu ya macho.

"Ziba," alimwambia mumewe.

"Siwezi kuziba."

"Basi punguza."

"Nitapunguza mpaka nne. Chini ya hapo sitii mkono wangu."

Kwa siku mbili hawakuzungumza habari nyingine. Fundi alitengeneza kipande cha majaribio, mita moja kwa mita moja, chenye nafasi za milimita nne, akakiweka juu ya ndoo mbili. Mkewe akasimama na kudondosha sindano kumi, moja moja. Saba zilipita. Akadondosha vifungo vya shati kumi. Vinne vilisimama wima, vikazama kama vinavyojua njia.

"Unaona?" alisema mama.

"Naona," alisema fundi. Na hapa ndipo mtu mwingine angelegea, akabana mbao kidogo ili amani irudi nyumbani. Alikiri kwamba alishawishika. Ni mkewe, ni yeye anayeomba, na milimita mbili si kitu machoni. Lakini usiku huo alikataa kwa kinywa kipana, mbele ya chakula.

"Mama watoto, nikibana, nitakuangusha tena. Nikasirikie, lakini sibani."

Mshonaji hakukasirika. Anasema ni jibu hilo lililomfanya aamini kwamba baraza litakuwa salama. Mumewe alivyokuwa zamani, yule wa wembe, angebana mbao ili zipendeze. Huyu wa sasa alikuwa fundi.

Asubuhi alikwenda chumba cha mbele, akatoa kipande cha chandarua, kile cha matundu madogo, akakata mkanda mrefu, akaukunja mara mbili, akaupiga cherehani pembeni pote, ukawa mfuko. Akaufunga chini ya kile kipande cha majaribio kwa pini, akamwita mumewe.

Safari hii yeye ndiye aliyemwaga maji. Yalipita kwenye mbao, yakapita kwenye chandarua, yakaishia chini. Akadondosha sindano kumi. Mbili zilitoboa zikapita. Akaongeza mkunjo wa tatu. Akadondosha tena, kumi, halafu ishirini. Zote zilibaki ndani ya mfuko, zinametameta.

"Nilishika kichwa," fundi anasema. "Miaka kumi na tisa kwenye kazi hii, sijawahi kufikiria kwamba baraza linaweza kushonewa nguo ya ndani."

Alifanya sehemu yake. Mbao tatu zilizo mbele ya kiti cha mshonaji hakuzifunga moja kwa moja. Alizifanya kifuniko kimoja chenye kipete cha kuinulia, kinachokaa sawasawa na nyingine kiasi kwamba mguu hauhisi. Jioni mshonaji atainua, atatoa mfuko wa chandarua ulio chini yake, atakung'uta sindano zake mezani. Kifuniko cha namna hiyohiyo kipo juu ya bomba, kwa ajili ya wale wanaolifungua mara mbili kwa mwaka.

Baraza lilikamilika siku ya Alhamisi. Ni mita nne kwa tano, limeshikana na kizingiti cha jikoni bila kupanda wala kushuka, mwanga unalifikia kuanzia saa mbili na kivuli cha paa hulifunika saa tisa, kama vijiti vilivyosema. Fundi aliweka pima maji kwenye kona zote nne na katikati. Kiputo hakikuhama.

Hakumwita mkewe. Alitaka mvua kwanza.

Ilikuja Ijumaa usiku na haikukata mpaka Jumatatu. Siku tatu hizo, kwa maelezo ya mkewe, fundi hakulala zaidi ya saa mbili mfululizo. Alikuwa akisimama mlangoni na tochi, akimulika mbao kama mlinzi. Chai yake ilipoa. Alijibu salamu za watu waliokwishapita.

Jumatatu asubuhi mbingu ilitakata. Mgeni wa daftari alifika akamkuta fundi amesimama nje ya baraza, kwenye matope, kofia mkononi. Mshonaji alitoka jikoni. Hakukanyaga. Alipiga magoti kizingitini, polepole, akatanguliza mkono wa kulia, ule uliovunjika, ambao mpaka leo kifundo chake hakikunji sawasawa. Akaulaza kiganja juu ya ubao wa kwanza na kuusukuma mbele. Ubao wa pili. Wa tatu. Alikwenda hivyo kwa magoti kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, kiganja kikiteleza, na mumewe akimfuata kwa macho kutoka matopeni.

Kiganja hakikukwama popote.

Alipofika mwisho alijiinua, akapangusa maji mkononi kwa kanga yake.

"Lete cherehani," alisema.

Waliibeba watatu. Miguu minne ya chuma ilikaa chini, ikatulia. Mshonaji alivua viatu, kwa kuwa hukanyaga kwa mguu mtupu ili ausikie mwendo, akachagua kipande cha turubai makusudi, akakunja mara nne na kukanyaga kwa nguvu zake zote. Cherehani ilinguruma. Kikombe cha chai cha fundi, kilichokuwa pembeni juu ya ubao, hakikumwaga hata tone.

Kisha akachukua uzi mweusi, akautia kwenye sindano. Mara ya kwanza ulikwepa. Mara ya pili uliingia. Fundi, ambaye kwa miezi mingi ndiye amekuwa akimtungia sindano mkewe, aligeuka akatazama ukuta wa jirani, akapangusa uso kwa kofia. Alisema ni jasho. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi na baridi bado ipo.

Sasa mshonaji amepokea kazi ambayo mwezi uliopita aliikataa: sare za kwaya, arobaini, nyeusi tupu, zenye mshono mweusi. Anapanga kushona miaka kumi mingine, na mabinti wawili wa mtaani wameshaomba waje kujifunza kwake.

Mumewe naye ana mpango. Kwa miaka yote hii wateja wamekuwa wakimuuliza swali moja linalomchoma: fundi, la kwako likoje? Alikuwa akibadilisha mazungumzo, akiulizia afya za watoto wao. Mgeni wa daftari alipokuja mara ya mwisho, simu ya fundi iliita, na sauti ya mteja mpya ikasikika mpaka upande wa pili wa baraza. Alitaka kujua kazi nzuri aipendayo fundi kuliko zote iko wapi, akaione.

Fundi Subiri alimtazama mkewe aliyekuwa ameinamia kola ya sare, mwanga umemjaa mabegani.

"Njoo nyumbani," alisema kwenye simu. "Na ukifika, muulize mama. Yeye ndiye aliyenifundisha."